Sura ya Tano: Nani Anarudi Kusema Wabeja?

Fomu Na. 21B ni karatasi ya kawaida kabisa. Inaandikwa kura za ubunge zilizohesabiwa katika kituo kimoja, wanasaini msimamizi wa kituo na mawakala wa vyama, nakala moja inabandikwa mlangoni na nyingine wakala anaondoka nayo. Ya rais ni 21A, ya diwani 21C. Usiku ukishakuwa mkubwa, wakala anaikunja, anaifunga kwenye pindo la kanga au anaipachika ndani ya daftari la mtoto, kisha anatafuta bodaboda ya kumfikisha Igoma, Mabatini au Kitangiri. Ameingia kituoni kabla ya saa moja asubuhi. Kura zilifungwa saa kumi jioni, na kuhesabu kukaendelea kwa mwanga wa taa. Chakula alichoahidiwa na chama kilifika saa tisa kikiwa kimepoa, au hakikufika.

Asubuhi inayofuata, redio inasema mgombea wake ameshindwa.

Sura hii inamhusu huyo mwenye karatasi. Chama kikiwa CHADEMA wanamwita kamanda, kikiwa CCM wanamwita kada, lakini mtaani ni mtu yuleyule: mama lishe, fundi wa gereji, mchuuzi wa dagaa wa Mwaloni, mwalimu mstaafu anayejua kila mtoto wa nani. Halipwi mshahara. Posho ikipatikana ni nauli na soda. Mgombea akishinda ataitwa mheshimiwa na kwenda Dodoma. Akishindwa atarudi kwenye biashara zake Dar es Salaam. Yeye atabaki palepale, akikutana kila siku bombani na jirani aliyempigia debe mpinzani wake.

Mwanza ni mahali pazuri pa kumtazama mtu huyu, kwa sababu hapa kushindwa kumekwenda kwa zamu. Oktoba 31, 2010, jimbo la Nyamagana lilimwangusha Lawrence Masha, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, likampa kiti Ezekia Wenje wa CHADEMA, kijana ambaye nje ya mkoa wachache walimfahamu. Ilemela ikaenda kwa Highness Kiwia, Ukerewe kwa Salvatory Machemli, wote wa chama hichohicho. Jiji zima lilionyesha vidole viwili, ishara ya CHADEMA. Miaka mitano baadaye, Oktoba 25, 2015, Nyamagana ikarudi CCM kwa Stanslaus Mabula, na Ilemela kwa Angeline Mabula. Ukerewe peke yake ilibaki upinzani, safari hii na Joseph Mkundi. Kitaifa John Magufuli alitangazwa mshindi kwa asilimia 58.46 dhidi ya 39.97 za Edward Lowassa wa CHADEMA, na kwa watu wa Kanda ya Ziwa Magufuli alikuwa mtoto wa nyumbani, wa Chato, ng'ambo tu ya ghuba.

Kwa hiyo katika mtaa mmoja wa Pamba au Mirongo kuna nyumba mbili zilizolia kwa vipindi tofauti. Ukitaka kujua nani aliendelea na kazi baada ya kulia, usiulize makao makuu. Uliza nani alionekana kwenye msiba wa kwanza uliotokea mtaani baada ya matokeo.

Makada wa CCM wa 2010 walikuwa na faida moja ambayo wapinzani wengi huidharau: balozi wa nyumba kumi. Tangu vyama vingi virudi mwaka 1992 balozi hana mamlaka yoyote ya kiserikali, ni kiongozi wa shina la chama tu. Lakini shina halikufungwa Masha alipoanguka. Mume na mke wakigombana usiku bado aligongewa yeye. Mgeni akihamia, balozi ndiye wa kwanza kujua. Alishindwa uchaguzi Jumapili, Jumatatu akaamka akiwa na kazi. Wengi wameeleza ushindi wa 2015 kwa jina la Magufuli peke yake, na jina hilo lilikuwa na uzito wake, sikatai. Ila jina halitembei nyumba kwa nyumba.

CHADEMA nao walifika walipofika mwaka 2010 kwa miguu. Kabla ya uchaguzi ule walizunguka Kanda ya Ziwa kwa Operesheni Sangara, wakifungua matawi na misingi vijijini, wakiuza kadi, wakipachika bendera kwenye mikaratusi. Jina lenyewe lilinichekesha wakati ule na bado linanichekesha. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na akawala samaki wengine karibu awamalize. Nadhani waliochagua jina walikuwa wakifikiria minofu.

Walioshindwa mwaka 2015 hawakupewa hata mwezi wa kupumua. Novemba 14, Alphonce Mawazo, mwenyekiti wa CHADEMA mkoa wa Geita, alishambuliwa na kuuawa. Wiki tatu kabla alikuwa mgombea ubunge wa Busanda, naye akashindwa. Chama kikataka mwili uagwe katika viwanja vya Furahisha, Mwanza. Polisi wakakataa, wakitaja pamoja na mengine mlipuko wa kipindupindu uliokuwepo nchini. Familia na chama wakaenda Mahakama Kuu, kanda ya Mwanza, na mwishoni mwa Novemba mahakama ikaamua kwamba marehemu aagwe. Akaagwa Furahisha, akazikwa kwao Geita.

Fikiria kazi iliyofanyika katikati ya tarehe hizo. Kuna waliokaa na wafiwa. Kuna waliolala nje ya mahakama. Kuna waliochangisha mafuta ya gari, waliopika, waliotandika maturubai, waliowatuliza vijana waliotaka kurusha mawe. Hakuna kura iliyokuwa ikitafutwa hapo, uchaguzi mkuu uliofuata ulikuwa miaka mitano mbele. Kama kuna siku ambayo wanachama wa kawaida wa Kanda ya Ziwa waligundua kwamba bado wapo, naamini ni siku zile, sio siku yoyote ya kampeni. Waliitana kwa ajili ya mtu wao, na walipoitana walikuja.

Wasukuma wana neno moja ambalo hata asiyejua Kisukuma akikaa Mwanza wiki mbili atalijua: wabeja. Asante. Linasemwa kwa mkubwa na mdogo, kwa aliyekupa ng'ombe na aliyekupisha njiani. Na kuna mahali ambapo kushindwa kumepewa adabu yake muda mrefu kabla ya vyama vya siasa kuzaliwa. Karne ya kumi na tisa waganga wawili, Ngika na Gumha, walishindana kwa dawa na ngoma, na wafuasi wao wakagawanyika kuwa Bagika na Bagalu. Hadi leo, msimu wa mavuno ukiisha, pande hizo mbili hukutana kushindana, maarufu zaidi ikiwa sherehe ya Bulabo pale Bujora, Kisesa, njia ya Musoma. Hakuna jaji mwenye kalamu. Ngoma mbili zinachezwa kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule ambaye watu wamemzunguka wengi zaidi. Kwa hiyo kushindwa kwako unakuona kwa macho: umati unakugeuzia mgongo, unakwenda kwa mwenzako mwenye fisi au chatu. Hakuna Bagalu anayehamia Bagika kwa sababu hiyo. Manju anarudi kijijini na wachezaji wake, wanakula pamoja, na mwaka mzima wanatafuta wimbo mpya.

Katika wachezaji hao na katika vikundi vya kulima ndimo vijana wa Usukumani walimojifunza kuongozana. Nsumba ntale, kiongozi wa vijana, ndiye aliyewaita watu shambani kwa mwenye shida, na mwenye shamba akawalisha. Aliyelima bila kulishwa hakurudi msimu uliofuata, wala hakuna aliyemlaumu. Ninatamani kila meneja wa kampeni angelijua jambo hilo.

Historia ya kisiasa ya ziwa hili inaanzia hapo pia. Serikali ya kikoloni iliizuia TANU Usukumani kuanzia mwishoni mwa 1954, miezi michache tu baada ya chama kuzaliwa Dar es Salaam, na zuio likadumu hadi 1958. Karibu miaka minne. Mwanachama wa Mwanza hakuwa na tawi halali la kuhudhuria, wala mkutano wa kuitisha. Walichokuwa nacho ni pamba. Vyama vya ushirika vya wakulima, ambavyo Paul Bomani na wenzake walikuwa wamevijenga kutoka kwenye mizani ya kijijini, viliunganishwa mwaka 1955 kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Watu waliendelea kukutana, kuchagua viongozi, kukagua hesabu, kubishana na kuandika muhtasari. Mwaka 1958 wakulima wa Geita walipokataa mabaraza ya mchanganyiko wa rangi, maelfu waliondoka makwao wakaenda hadi Mwanza mjini kudai wasikilizwe, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Mwaka huohuo TANU ikaruhusiwa tena. Wanachama hawakupaswa kutafutwa, kwa sababu walikuwa wanajua kilo moja ya pamba imeuzwa bei gani na nani ameiba kwenye mizani.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema mwanachama wa chini huchoshwa na kushindwa. Kushindwa anakujua. Mkulima wa pamba ameshindwa na mvua, mvuvi wa Igombe ameshindwa na mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa hutumia taa, na mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, kwa hiyo siku hizo mitumbwi haitoki. Utawakuta ufukweni wanaziba nyavu na kusimuliana uongo. Hakuna anayesema uvuvi umekufa.

Kinachomchosha ni kingine, na hapa sitazunguka. Ni mgombea anayezima simu. Ni wakala kukaa mahabusu siku tatu bila mtu wa kumdhamini, wakati fulana aliyovaa bado ina picha ya mheshimiwa mtarajiwa. Ni mwenye gari aliyeahidiwa mafuta baada ya matokeo. Ni kuambiwa kwenye kikao cha tathmini, mbele ya watu, kwamba "mawakala wetu waliuza fomu", na anayesema hivyo hana hata orodha ya vituo. Wapo waliouza, bila shaka. Lakini kumtukana aliyekesha kwa kosa la aliyeuza ni namna ya haraka sana ya kufunga tawi.

Na kuna maumivu makubwa zaidi ya hayo. Mwanachama wa CHADEMA aliyezunguka na Operesheni Sangara alifundishwa kuhubiri dhidi ya ufisadi, na jina la Lowassa, aliyejiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond, lilikuwa katika mahubiri hayo. Mwaka 2015 akaambiwa amwombee kura Lowassa huyohuyo. Akameza, akafanya. Machi 1, 2019, Lowassa akarudi CCM. Masha naye, waziri aliyeangushwa Nyamagana, alihamia CHADEMA mwaka 2015 na kurudi CCM mwaka 2017. Mkundi wa Ukerewe, kiti pekee kilichosalia, akahama mwaka 2018. Aliyehama alikuwa na pa kwenda. Mama wa Nansio aliyemlindia kura alibaki na kadi yake na maneno ya majirani.

Katika hali hiyo, kumwambia mtu awe na shukrani kunaweza kuwa tusi. Tumezoea shukrani ya aina moja, ile ya kuinamisha kichwa na kusema Mungu ndiye anayepanga. Hiyo inawapendeza walioshinda. Siitetei. Wakala anaweza kushukuru na papo hapo akadai nakala yake ya fomu. Matokeo ya rais yakishatangazwa na Tume ya Uchaguzi, ibara ya 41 ya Katiba inazuia mahakama yoyote kuyachunguza. Ya ubunge yanaweza kupingwa mahakamani, na bila ushahidi wa vituoni shauri la namna hiyo halina miguu. Karatasi iliyokunjwa kwenye kanga inaweza kuwa ndiyo miguu yenyewe. Kumshukuru mwenye nayo kunaanza kwa kuichukua, kuiandikia risiti na kuihifadhi mahali pakavu.

Shukrani ninayoizungumzia ina mwili, na haina gharama kubwa. Mgombea aliyeshindwa anarudi kata kwa kata ndani ya wiki mbili, kabla bendera hazijapauka. Haji na spika. Anakaa kwenye mkeka au benchi la mama lishe, anasoma majina ya waliosimamia kila kituo, na jina likisomwa mtu anasimama, watu wanampigia makofi. Anayedaiwa analipwa, au anaambiwa kwa uso mkavu kwamba fedha hazipo na zitapatikana lini. Hesabu za kampeni zinasomwa hata kama zinaaibisha. Waliokamatwa wanatajwa kwanza. Kisha mgombea ananyamaza, anasikiliza kwa nini ameshindwa, kutoka kwa watu waliosikia mtaani yale ambayo jukwaani hayakumfikia. Mzee mmoja atasema ulitutukania kijana wa Chato. Mama mwingine atasema hukuwahi kukanyaga soko la Kirumba ila siku ya kuomba kura. Hayo ndiyo malipo ya kurudi, na kuyasikia kunauma.

Baada ya hapo ndipo linakuja swali la kesho. Mtu aliyejifunza kuhesabu kura, kuandika majina ya wapiga kura, kuzungumza na mlevi bila kugombana na kukaa macho saa ishirini, ana ujuzi ambao mtaa unauhitaji siku zote. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukutana kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Nani anauliza maswali? Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, kwa mgawo wa nne, nne na mbili. Nani anajua kikundi gani kilipata? Mialoni kuna vikundi vya wavuvi vya kulinda rasilimali, BMU kama wenyewe wanavyoviita, vyenye viongozi wa kuchaguliwa. Kamati za shule zipo, vikoba vipo, kamati za maji zipo. Kamanda na kada wakikutana kwenye kamati ya zahanati, mara nyingi wanagundua wanaijua mitaa kuliko mtendaji. Nimeona pia kinyume chake: kamati nzima inavunjika kwa sababu wawili hawataki kukaa benchi moja. Sitasema siasa za mtaa ni tamu.

Kuanzia katikati ya 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, na wapinzani wakaishi kama TANU ya Usukumani ilivyoishi zamani: vikao vya ndani, misiba, makanisa, magulio. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019 wakaususia baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa. Mwaka 2020 Magufuli akatangazwa kwa asilimia 84. Julai 21, 2021, kabla ya mapambazuko, Freeman Mbowe, mwenyekiti wa CHADEMA wakati huo, akakamatwa hotelini Mwanza, saa chache kabla ya kongamano la Katiba, akakaa ndani hadi Machi 2022. Januari 3, 2023, Rais Samia Suluhu Hassan akaondoa zuio. CHADEMA wakachagua pa kuanzia: Januari 21, Mwanza, Furahisha, uwanja uleule wa Mawazo.

Zaidi ya miaka sita ya zuio, na uwanja ukajaa. Magazeti yaliandika hotuba. Mimi ningependa kujua nani aliwaita watu, nani alikuwa bado na namba za simu za wanachama wa Buhongwa na Kayenze, nani alishona bendera mpya.

Upande wa pili wa ziwa, Kisumu, watu walimfuata Raila Odinga katika chaguzi tano za urais, 1997, 2007, 2013, 2017 na 2022, na katika zote hakutangazwa rais. Alipofariki Oktoba 15, 2025, walifurika kumsindikiza kama mshindi. Mtu anaweza kuwacheka. Lakini Katiba mpya ya Kenya ya 2010, ile iliyowapa magavana na bajeti zao, imebebwa na miguu hiyo iliyokuwa ikishindwa.

Wiki mbili baada ya kifo hicho, Oktoba 29, 2025, Tanzania ilipiga kura bila jina la CHADEMA kwenye karatasi. Chama kilikuwa kimeondolewa baada ya kukataa kusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini tangu Aprili. Tume ikatangaza asilimia 97.66 kwa Rais Samia. Intaneti ilizimwa. Watu waliuawa katika miji kadhaa, Mwanza ikiwemo. Hapo neno kushindwa halitoshi, na siwezi kuliita hivyo ili sura yangu ipate mwisho mzuri. Hakukuwa na wakala wa CHADEMA wa kukunja fomu. Kulikuwa na mama wanaotafuta watoto hospitalini.

Ninachoweza kusema ni kile ambacho Novemba 2015 ilionyesha: kazi ya kwanza ni ya msiba. Wewe kiongozi unayesoma hapa, wa chama chochote, mahali fulani una orodha ya mawakala wako wa miaka iliyopita, kwenye jalada au kwenye simu ya zamani. Itafute. Wengine wamehama, wengine hawatataka kukuona, wengine hawapo tena. Anza na nyumba zilizofiwa, na usiende na kamera.